Mota kwenye Shingo ya Bomba

Asger Bundgaard na mdogo wake Villads walifanya kazi pamoja kwenye ghala la nafaka nje kidogo ya mji wa Skive, Denmark, lile la mnara wa chuma. Shayiri ilimwagwa juu, ikashuka kwa bomba hadi kwenye malori. Mwaka ule mvua haikukatika. Punje zilizoingia na unyevu zilishikana juu ya mdomo wa bomba zikajenga kama dari, chini pakawa patupu. Hapo Asger alichukua nyundo ya mpira, akaligonga bomba.

"Unalibembeleza, kaka?" Villads alimtania. "Piga! Siyo mkeo hilo."

"Njoo upige wewe, mdomo mkubwa."

Asubuhi moja ya Septemba nyundo ilishindwa. Malori yalipanga foleni, msimamizi akawa anafoka. Villads akapanda juu na ufito, akaingia mnarani bila kamba, akaanza kuchokoa. Dari ya shayiri ikakatika chini ya miguu yake. Asger, kule chini, aliziona punje zikimiminika, akashangilia.

"Imeshuka! Villads, imeshuka!"

Hakujibiwa. Ilibidi ukuta wa mnara ukatwe ndipo wakamtoa chini ya shayiri, ameshakufa.

Mwezi uliofuata wenye ghala wakafunga mota ndogo kwenye shingo ya bomba. Ukiiwasha inatetemeka, na mtetemo huo huzilegeza punje zisipate nafasi ya kushikana. Zinateleza kama maji. Mama yao, Dagny, alikuja kuiona, amevaa koti lake la kanisani. Asger akaiwasha. Shayiri ikashuka.

"Ndiyo hii?" mama akauliza.

"Ndiyo hiyo, mama."

"Haizidi mkate kwa ukubwa."

"Haizidi."

"Na siku zote hizo ilikuwa inauzwa madukani?"

Asger akainama. Mama akaweka kiganja juu ya mota, akakiacha hapo, mkono mzima ukimtetemeka hadi begani, mpaka lori likajaa. Kisha akavaa glavu, akaondoka. Hakukanyaga tena pale.

Asger alibaki hadi kustaafu, kwani kazi nyingine hakuijua. Mtu akisogelea ngazi ya mnara alimtukana matusi ambayo sisi wenzake kazini hatukudhani anayajua. Tulizoea kumwona akiiwasha mota, kisha anatoka kusimama uwanjani, hata kwenye theluji. Kuisikia shayiri ikishuka hakuweza kuvumilia.