Vipimo Viwili vya Konea Moja

Nilirudi Korogwe na stashahada ya ufundi mitambo niliyojisomesha mwenyewe, nikajenga karakana ambayo hakuna mjomba aliyenichangia hata tofali. Miwani tu ndiyo sikutaka watu waione. Nilivaa lenzi za kuweka jichoni, na wengi waliamini macho yangu ni mazima.

Nilitaka leza ya kurekebisha macho ili nimalize kabisa. Daktari wa Tanga aliniamuru nikae wiki mbili bila lenzi kabla ya kipimo. Nilikaa, ila miwani sikuivaa barabarani. Siku moja nilimpita mama mdogo pale stendi bila kumpa shikamoo. Sikumwona.

Daktari alipima konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, akatikisa kichwa.

"Yako nyembamba. Leza ya kukata konea na kuifungua kama kifuniko sikufanyii. Konea inaweza kulegea na kubinuka, na hapo hata miwani haitakusaidia vizuri."

"Hakuna leza nyingine?"

"Ipo ya juu juu, haikati kifuniko. Lakini namba ya miwani yako ni kubwa, tutachonga mno. Kwako kuna lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho, konea isichongwe. Au ubaki na miwani."

Akataja ile ya bei kubwa kabla ya ile ya bure. Nimefanya kazi na mafundi wa nchi tatu. Fundi anayetaka kukuuzia kipuri namjua kwa sauti. Nikaenda kliniki nyingine, Dar es Salaam. Wakapima haraka, wakasema unene unatosha, leza Alhamisi ijayo.

Nilipeleka habari hiyo nyumbani Kwaluguru kwa kujidai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umeniona? Mama mdogo wako anasema stashahada imekuziba macho."

Nikacheka, nikamweleza vipimo vyote viwili. Akaacha kuchambua mbaazi.

"Miezi miwili tu, konea imenenepa? Unailisha ugali?"

Sikulala vizuri. Kwanza nilimshuku wa Tanga, kisha kliniki ya Dar, kisha mashine zao. Asubuhi nikajiuliza kama ninavyowauliza vijana wa karakana: kifaa kilikuwa katika hali gani kilipopimwa? Shafti ikipimwa ikiwa ya moto, inasoma kubwa. Usiku wa kuamkia kipimo cha Dar nililala na lenzi machoni, nikazitoa chooni kwao, na nesi aliponiuliza kama navaa lenzi, nilisema hapana. Konea inayonyimwa hewa na lenzi huvimba.

Nikapiga simu Dar. Nikamweleza nesi ukweli wote.

"Kaka, Alhamisi ungelala kwenye ile meza na siri yako hiyo?"

"Futa miadi."

Nilivaa miwani Korogwe nzima kwa wiki mbili. Nilimfuata mama mdogo mpaka kwake, nikampa shikamoo, akaitikia akinikagua kama mgeni. Nikarudi Tanga. Konea ilisoma nyembamba vilevile.

Leza nimeachana nayo. Lenzi ya kupandikiza bado sijaamua. Kila ninapomwona daktari huyo namhoji: ikisumbua itatolewaje, presha ya jicho itapimwa mara ngapi, nani amewahi kujuta. Hunijibu yote, taratibu, bila kukasirika, wala hanihimizi kusaini. Muuzaji wa aina hiyo sijawahi kukutana naye, ndiyo maana bado namchunguza.