Kanyagio la Mzee Gaspari

Wapendwa, pokeeni salamu zangu za heshima. Mniwie radhi kwa ukimya wa siku nyingi.

Leo nimeona wivu. Kwa umri wangu, naona haya kuukiri.

Baada ya misa, hapa mtaani kwetu Kinanira, Mzee Gaspari aliketi kando ya Mama Goreti, mjane jirani yangu.

Kando kabisa.

Huyu bwana aliendesha treni nyepesi za mjini huko Ulaya. Akamweleza kwamba dereva hana budi kukanyaga kanyagio fulani kila mara. Asipokanyaga, kengele hulia. Asipoitikia, treni hufunga breki yenyewe, maana huenda amezimia.

Mama Goreti alisikiliza kinywa wazi. Mimi hunisikiliza huku akichambua maharagwe.

Nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba hata baiskeli ina breki.

Hakuna aliyecheka.

Ndipo Mama Goreti akanigeukia.

"Mwalimu, we ndiyo kanyagio yangu! Kila asubuhi unagonga mulango. Siku sitajibu, utajua nimeanguka."

Wapendwa, moyo ulinipaa kwa furaha.

"Basi kesho mi pia nitagonga," akadakia Gaspari. "Mu treni, usalama unataka breki mbili."

"Karibu, Mzee. Nitakuwekea chai."

Chai!

Miaka minne nimegonga mlango ule, sijawahi kuona kikombe.

Nishaurini, tafadhali: nigonge saa ngapi nimtangulie Gaspari bila kukosa adabu?

Anayewafikishia maneno haya ni binti yangu Nadine, aliyeapa kutomwonyesha Mama Goreti.