Neno Nililompelekea Bi Nyamvula

Nilimwonea kijicho Bi Nyamvula wa Likoni, sifichi. Mimi Barakat, dresa, msaidizi wa daktari mwenye cheti na koti jeupe, mwaka wa 1959 nilikuwa nakaa zahanati nikifukuza nzi, huku kina mama wakinipita mlangoni na watoto wenye surua kwenda kwake. Na kusoma hakujua! Mjane, mkulima wa mihogo, mali yake ua mmoja na sufuria la kuchemshia mwarobaini. Watoto aliwaogesha, akawalaza kivulini, akakaa nao mpaka homa ishuke. Hata kuku wa shukrani alimkataa. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Angekuwa mlafi ningepata la kumsema.

Nilichomzidi ni neno. Daktari mmoja wa kisiwani, ng'ambo ya feri, alitufundisha kuwa vipele vinavyoenea mwilini pamoja na homa huitwa eksanthema. Nililitamka mbele ya wagonjwa polepole, wapate kujua mimi ni nani.

Siku moja adhuhuri narudi nyumbani, mwanangu Faki, aliyeamka na homa, hayupo, mke wangu Mahfoudha hayupo. Nikenda moja kwa moja kwa Bi Nyamvula. Faki amelala mkekani, uso umejaa vipele, mamake anampepea.

"Mke wa dresa!" nikafoka. "Umenivua nguo, wallahi!"

"Kwako alikuwa akilia," Mahfoudha akanijibu. "Hapa amelala."

Nikamgeukia mwenye ua. Hata shikamoo sikumpa. "Unaujua ugonjwa huu wewe? Hii ni eksanthema!"

"Maana yake nini, mwanangu?"

"Ni Kiyunani. Maana yake kuchanua, kama ua la mti."

Akacheka, akampangusa Faki macho. "Basi hao Wayunani nao walilea watoto. Mamangu akisema hivyo hivyo: iache surua ichanue, ikishachanua homa itatulia. Hebu litaje tena."

Nikalitaja. Jambo nililosomea miaka miwili, yeye alilipata kwa mamake akiwa anateka maji.

Faki akapona. Juma lililofuata akaingia zahanati mama mmoja, Kanze, na mtoto mgongoni. Nilifurahi, nikafunga vifungo vya koti haraka.

"Bi Nyamvula ametutuma," akasema. "Amesema ni eksanthema, na imechanua vizuri. Wewe mtie dawa ya macho tu, kisha turudi kwake."

Nikamtia mtoto dawa.