Nusu Saa ya Shangazi Chafya

Shangazi yangu ni fundi makochi, nami namsaidia karakanani, na mtaa mzima unamwita Chafya. Zamani alikuwa akifumua kochi kuukuu anapiga chafya mpaka misumari aliyoibana mdomoni inamruka. Daktari alimweleza kwamba ana mzio wa vijidudu vya vumbi, vile visivyoonekana kwa macho, vinavyojazana kwenye vitambaa. Mumewe akataka karakana ifungwe. Shangazi akachagua sindano za kutibu mzio huo.

"Yaani wanakudunga wadudu wale wale?" mumewe aliuliza.

"Kidogo kidogo, mwili uwazoee. Na nikishadungwa nakaa nusu saa, nesi ananiangalia isije ikanidhuru."

Hiyo nusu saa ndiyo iliyomtoa jasho. Mtu asiyekalia hata makochi anayotengeneza mwenyewe, benchi la kliniki ataliwezea wapi?

Siku moja, mumewe akiwa amemsindikiza, viganja vilianza kumwasha baada ya sindano. Akadhani ni nyuzi za kochi alilofumua asubuhi. Sisi mafundi kujikuna ni jambo la kila siku. Akabeba mkoba aondoke kabla nusu saa haijaisha. Nesi alipoona anavyojikuna alimrudisha, akamkagua, akakuta midomo imeanza kuvimba. Papo hapo akamchoma dawa pajani, akamlaza, akabaki naye. Uvimbe ukashuka, lakini hawakumruhusu kutoka hadi jioni.

"Basi, imetosha," mumewe alisema walipofika karakana. "Tunafunga."

"Hatufungi. Nesi alijua la kufanya kabla mimi sijajua kama naumwa. Pale nilikuwa salama. Hatari ilikuwa huu mguu wangu usiotulia, ungenipeleka nikaangukie barabarani."

Nilikuwa nimeshika nyundo, nikasahau kugonga. Nilijivunia kuwa damu yake.

Daktari alipunguza dozi, wakaendelea. Mumewe naye hakukosa tena siku ya sindano: anaketi mlangoni pa kliniki, ananyoosha miguu kuziba njia, hata Shangazi akimwambia anakwenda chooni anatazama saa kwanza.

Juzi tumeletewa kochi lililosahaulika stoo miaka mingi. Shangazi akajaza misumari mdomoni, akalipasua. Vumbi likatanda karakana nzima. Sote tukamkodolea macho yeye.

Misumari haikutikisika. Aliyepiga chafya ni mumewe, mara tatu mfululizo.

Shangazi akaitema misumari kiganjani. "Kesho unakwenda kwa daktari," akamwambia. "Mlangoni nakaa mimi."