Mwanamke Huchukuliwa Kutoka Juu

Ule mchezo wa runinga uliowaliza watu mtaa mzima, sehemu yake ilichukuliwa kwenye ua wetu hapa Bombolulu. Mwenye nyumba aliwapa ua bila kutuuliza sisi wapangaji. Mimi nilipewa kazi ya kuwapikia mahamri na mbaazi, ndiyo maana niliyaona kwa macho yangu.

Siku hiyo mume alikuwa ampige mkewe, kwa kuigiza. Mpiga kamera akalala kifudifudi mchangani, akamchukua yule mume kutoka chini, kidevu na mabega. Ilipofika zamu ya mke, akaomba pipa langu la maji, akalipindua, akapanda juu yake, akamchukua yule dada pale alipoangukia. Nikamuuliza mbona ajisumbue hivyo. Akacheka.

"Mama, mwanamume ukimchukua kutoka chini anakuwa mkubwa. Mwanamke ukimchukua kutoka juu, watu wanamwonea huruma."

Nikamwambia mimi huruma haijanisaidia kitu.

Mume wangu, baba wa binti yangu, ambaye amezikwa kwao kwa heshima zote, alinipiga mpaka sikio la kushoto likafa. Nasema ni yeye. Na mama yake alikuwepo, anakuna nazi, na mkono wake haukusimama. Kwa hiyo mwelekezaji wa mchezo aliponiuliza kama ndivyo mke anavyoanguka, nilimweleza ninachokijua: mwanamke akishapigwa hamtazami mume, hutazama mlango. Akanijibu kwamba upande wa mlango hakukuwa na mwanga mzuri.

Mchezo ulipotoka, binti yangu alikuwa amerudi kwangu kutoka Junda, kwa mumewe, jicho limefumba. Tuliutazama pamoja. Kofi lenyewe hawakulionyesha. Walionyesha uso wa mume, kisha bangili inabingirika sakafuni, kisha wakatia kinanda cha polepole. Hapo ndipo waliponiudhi. Baada ya kofi hakuna kinanda. Kuna mluzi sikioni, na wangu haujanyamaza mpaka leo. Halafu kamera ikamsogelea yule mume, karibu, karibu zaidi, mpaka chozi lake likajaa kioo kizima. Mke tulibakishiwa kisogo tu.

Binti yangu alikuwa analia. "Lakini ampenda," akasema.

Nikamweleza habari ya pipa, na ya mtu mzima kulala mchangani ili mwanamume mfupi aonekane mrefu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, wewe uliona pipa. Mimi naona mtu analia."

Shule yangu iliishia darasa la tatu, na maneno ya kushinda kinanda sikufundishwa.

Jumapili baada ya ibada wakaja kumchukua: mkwe wangu, baba yake, na mzee wa kanisa. Aliyewapokea ni ndugu yangu mkubwa, kwa kuwa kwetu mama hamsemei mtoto wake mbele ya wakwe. Wanaume wakakaa vitini. Binti yangu akatandikiwa mkeka katikati yao, kama desturi. Mimi nilisimama mlangoni na sinia la chai, nikamwona: utosi, shingo, mabega yamejikunja. Nilikuwa nimeshamwona mwanamke akionekana hivyo. Pipa halikuwepo, ila viti vilitosha.

Nikaweka sinia chini, nikaleta kigoda cha jikoni, nikamwambia mwanangu akalie.

"Tangu lini?" akauliza ndugu yangu.

Mzee wa kanisa akacheka kidogo, akasema mama ana uchungu wa mzazi, tumwelewe. Kigoda kikarudi jikoni, na aliyekirudisha ni mimi.

Kisha mkwe wangu akalia. Alikuwa hajaulizwa hata neno. Wote wakamgeukia. Baba yake akamshika goti, mzee akampa leso. Tangu kikao kianze binti yangu alikuwa akitazama mlango, na mlangoni nimesimama mimi na sinia langu. Sasa akageuka, akainua uso kumtazama mumewe pale juu, na lile jicho halijafunguka vizuri. Hakuna aliyeliangalia.

Akiniuliza mtu ni nani aliyemrudisha Junda, nawataja. Ni ndugu yangu, aliyesema yamekwisha kabla binti hajafungua mdomo. Ni mzee wa kanisa, aliyeiombea ndoa na jicho asiliombee. Ni yule mwelekezaji na kinanda chake, ingawa yeye hatujui sisi. Nimewataja mara nyingi, jikoni, peke yangu, na haijasaidia.

Wakati wa kuondoka, binti yangu alibeba begi lake mwenyewe. Mkwe wangu akasimama mbele yangu, macho bado mekundu, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Nilitaka ninyamaze. Binti yangu alikuwa nyuma yake, ananitazama, ananiomba kwa jicho lake moja.

"Marahaba," nikasema.