Casimir kwenye Karamu ya Wakwe

Kila mwaka tarehe kumi na tano Agosti, baada ya misa ya Bikira Maria, watu wa Kasai waliokaa Kikula, mtaa mmoja wa mji wa Likasi, walitoa meza zao nyumbani wakazipanga katikati ya barabara, moja ikigusa nyingine, kutoka kwenye bomba la maji mpaka kona ya duka la mikate. Kila nyumba ilileta sufuria yake. Madimba, marimba ya Kasai, yalipigwa tangu asubuhi, na mgeni yeyote aliyepita, awe Mkasai au asiwe, alishikwa mkono akaketishwa. Vumbi la kiangazi lilitua juu ya bukari, ugali wa huko, na hakuna aliyejali.

Casimir alikuwa amekuja mara nne tangu binti yake Laure aolewe huko na Ghislain, fundi wa redio. Mara zote alikaa mwisho wa benchi, akala, akacheka wengine walipocheka, akarudi kwake mtaa wa Panda bila kusema zaidi ya maneno kumi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ametengeneza mikanda ya kubebea mawe kiwandani, na kelele za mashine zilimfaa, maana pale hakuna aliyemtaka aongee.

Mwaka huo wa 1992 alikuja na neno moja tumboni. Mkewe Émilienne alikuwa amemtuma: umrudishe mtoto wetu nyumbani.

Kule Panda, vijana wa chama cha siasa cha wenyeji walikuwa wakikutana kila jioni kwenye uwanja wa mpira, wakiimba kwamba wageni warudi kwao. Mgeni kwao alikuwa Mkasai, hata kama babu yake ndiye aliyechimba shaba ya kwanza. Jumatano kabla ya karamu Casimir alimwona kijana mmoja, mtoto wa jirani, akipita nyumba kwa nyumba na daftari la shule, akiuliza nani anakaa wapi na ametoka wapi. Aliandika kwa mwandiko mzuri. Hilo ndilo lililomnyima Casimir usingizi.

Lakini mkwe haambiwi jambo zito uso kwa uso. Neno hupita kwa mshenga, na mshenga wa ndoa ya Laure alikuwa Édouard, binamu yake Casimir. Édouard alikataa.

"Barabara ile siendi," alisema. "Nikionekana kule, wataniandika na miye."

Basi Casimir akaenda peke yake, akijiambia kwamba akifika atajua la kufanya. Hilo lilikuwa kosa lake. Alipofika alikuta Ghislain amekaa meza ya pili, hatua tano kutoka kwake, kwa heshima, kama mkwe anavyopaswa kukaa. Kijana alimwinamia kichwa. Casimir naye akainama. Ikawa basi. Hatua tano, na hapakuwa na mtu wa kuzivuka.

Karamu ya mwaka huo ilikuwa na joto la namna nyingine. Asubuhi ile redio ilikuwa imetangaza kwamba mtu wa Kasai amepata uwaziri mkuu huko Kinshasa, na barabara ililewa kabla ya pombe kufika. Wanawake walifunga vitenge vipya. Vijana walipanda juu ya meza wakaimba kwamba sasa zamu yao imefika, na wenye wivu wajinyonge. Wazee wachache waliwaambia washuke. Hawakushuka. Casimir alihisi kila wimbo ukienda moja kwa moja mpaka Panda, ukiingia kwenye daftari lile.

"Baba Laure!" Aliyeita ni Barthélemy, fundi cherehani, jirani wa Ghislain na Mkasai mwenzake, mtu mnene mwenye mzaha. Alijibwaga kando yake kwenye benchi. "Unaangalia bukari kama mtu anayeaga maiti. Kula! Ama kwenu Panda munakula mawe sasa?"

"Nakula," alisema Casimir.

"Unakula na macho tu. Mutu wa ziwa, mutu wa samaki weye, tunajua. Mama Kabedi, letea mukwe samaki, hapa nyama inamuogopesha!"

Watu wakacheka. Laure, ambaye pale aliitwa Mama Kabedi kwa jina la binti yake wa miaka mitatu, alileta samaki na kuweka sahani mbele ya baba yake. Alimtazama usoni kidogo, kisha tabasamu lake likaisha. Aliondoka akienda polepole.

Casimir alikula samaki wote, akabakiza miiba. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake: alimshika mtu mkono akamwomba.

"Barthélemy, nibebee neno."

"Neno la kwenda wapi?"

"Pale." Alionyesha kwa kidevu. "Kwa Ghislain."

Barthélemy aliacha kucheka. "Édouard wenu iko wapi?"

"Hakuja."

"Haya. Sema."

"Laure aje apumzike kwa mama yake. Mwezi moja, na mtoto wake."

"Mwezi moja." Barthélemy alisafisha vidole vyake taratibu, kimoja kimoja. "Kuko mugonjwa?"

"Hapana."

"Kuko matanga?"

"Hapana."

"Sasa nikamwambie mutu siku ya karamu atoe bibi yake, juu ya nini? Mushenga habebi neno lenye hajui tumbo lake, Baba Laure. Unajua vile."

Casimir aliangalia viatu vyake. Madimba yaliendelea kulia. Alitafuta neno laini na hakulipata.

"Wanaandika nyumba," alisema.

"Nani?"

"Vijana. Kule kwetu. Wanaandika nyumba za Wakasai. Hapa pia watafika."

Barthélemy aligeuza kichwa. Macho yake yalivuka barabara mpaka nyumba yake mwenyewe, mlango wa bluu, cherehani yake kwenye kibaraza imefunikwa kitambaa kwa sababu ya sikukuu. Casimir akatamani asingelisema neno lile. Kisha mtu yule mnene akainuka, akavuta shati lake likanyooka, akavuka zile hatua tano kama mshenga kamili, akachuchumaa kando ya Ghislain na kumnong'oneza.

Casimir hakuthubutu kutazama. Alisikia tu benchi likikwaruza chini. Barthélemy aliporudi, sauti yake ilikuwa kavu.

"Mukwe wako anasema hivi: alizaliwa Likasi, baba yake alizikwa Likasi. Akitoa bibi yake leo juu ya woga, atakuwa amekubali mwenyewe kwamba ni mugeni. Anakuheshimu. Anakataa."

Hapo Laure alikuja, amembeba mtoto kiunoni. Hakumtumia mshenga yeyote.

"Papa, miye sitoki kwa bwana yangu," alisema. "Lakini mutoto, mupeleke."

Kwao Casimir, upande wa ziwa Tshangalele, mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa watu wa Kasai, mtoto ni wa baba, na hakuna anayemchukua baba asipotoa. Watu wa zile meza mbili wote waligeuka kumtazama Ghislain. Ghislain aliinuka, akamwambia Barthélemy kwa sauti ya kusikika, ingawa baba mkwe alikuwa mbele yake:

"Mwambie baba: mutoto ni wangu. Ninawaazima tu."

"Amesikia," alisema Barthélemy.

Casimir akaondoka kabla ya jua kuzama, mtoto mabegani. Kwenye kivuko cha reli vijana saba wa chama walikuwa wameweka shina la mti barabarani.

"Baba, unatoka kwenye karamu ya wale?"

"Ndiyo."

"Na huyu mutoto ni wa nani?"

Alijibu upesi, kwa sauti ambayo hakuijua: "Wa kwetu. Mama yake ni binti yangu. Anaitwa Carmel." Hilo lilikuwa jina la mtoto la ubatizo; Kabedi, jina la Kikasai, hakulitaja.

"Kuko batu wako wengine kule?"

"Hapana," alisema Casimir. "Nimekwisha kutoa wote."

Walimpisha. Mmoja hata alimsaidia kuruka shina.

Nyumbani Émilienne alimpokea mtoto, akatazama nyuma ya mumewe barabarani, akauliza Laure yuko wapi. Casimir alimweleza yote. Émilienne alilia, halafu akafunga unga na samaki wakavu kwenye kitambaa. "Kesho utarudi. Utamuomba mpaka akubali. Utapiga magoti kama lazima."

Kesho yake alirudi. Vijana walikuwa palepale, wameongezeka, na kwa mbali, upande wa Kikula, moshi ulikuwa ukipanda.

"Babu wa Carmel!" aliita yule aliyemsaidia jana, akicheka. "Unaenda wapi tena?"

"Kule."

"Kufanya nini? Jana ulisema umekwisha kutoa batu wako wote."

Casimir angeweza kusema nilidanganya, nina binti kule, amekataa kumwacha bwana yake Mkasai. Lakini mmoja wa wale vijana alikuwa na daftari kwapani, na kalamu sikioni.

"Basi hakuna kitu chako kule," alisema kijana, bila ubaya. "Rudi nyumbani, baba. Mutoto asibaki peke yake."

Alisimama na kile kifurushi cha unga mpaka wakaanza kumtazama vibaya. Kisha akageuka, akarudi Panda.