Masikio ya Antena

Kwenye uwanja wa gofu wa manispaa walimwita Antena, mbeba mikoba aliyeifanya kazi hiyo miaka thelathini na ambaye hakuwahi kupoteza mpira wa mgeni. Wasichokijua ni kwamba macho yalishamtupa mkono. Aliyejua ni mkewe tu, naye alifunga mdomo, maana ukweli haujazi sufuria.

Antena alikuwa akiusikiliza mpira. Kwenye nyasi fupi hudunda, kwenye miti hugonga gome, kwenye mchanga hunyamaza ghafla. Basi hufuata sauti moja kwa moja akauokota.

Jumamosi hiyo, baa ya ng'ambo ya ua wa uwanja ilifungulia muziki saa sita mchana. Zamani kilikuwa kibanda cha nyama choma, na aliyekikuza ni Antena mwenyewe, kwa kuwa kila mgeni aliyemuuliza pa kula na kucheza muziki alielekezwa huko. Amwombe mwenye baa apunguze sauti? Angeulizwa sababu.

Mgeni aliyembebea mkoba siku hiyo akapiga mpira. Antena akatega sikio, akaambulia besi tupu ya muziki.

"Mpira umeangukia wapi, mzee?"

"Kulia," akabahatisha.

Wakatafuta kulia, wakatafuta kushoto, wapi. Wa pili ukapotea, na wa tatu. Antena akabaki akipapasa nyasi kwa fimbo, jasho likimchuruzika.

"Basi, tuache," mgeni akasema kwa upole. "Niambie tu, jioni hapa karibu watu wanakula na kucheza muziki wapi?"

Antena akanyoosha kidole kuelekea ng'ambo ya ua, bila kukosea hata kidogo.